Uniti Tatu kwa Kilo

4 Aprili

Mvua imeanza, na imeanza kwa fujo. Bati la chumba changu linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka beseni.

Naandika Kiswahili kwa sababu mbili. Kwetu Nkoma, kule Mbale, mama yangu ni mtu wa Mombasa na hakutulea kwa lugha nyingine. Ya pili ni jirani yangu hapa Walukuba, mjini Jinja, Nabirye. Nabirye anapenda kuchungulia vitu vya watu, lakini akiona Kiswahili anageuza uso. Kwake hiyo ni lugha ya askari wanaobisha mlango. Basi siri zangu ziko salama.

Kesho kutwa tunaanza kupima. Niyaweke hapa nisije nikajidanganya baadaye. Kiwanda cha sabuni cha Hajji Magid kinakula umeme, na umeme ukikatika sabuni inaganda kwenye mapipa, hasara tupu. Jenereta ya dizeli inamfilisi. Mimi ndiye niliyemshawishi aazime mtambo huu: tanuri linalogeuza makaa ya mawe kuwa gesi, na masanduku manne yanayopokea ile gesi na kutoa umeme bila kuichoma, kama betri inayolishwa. Jina lake ni seli za mafuta. Sisi tunayaita masanduku, basi.

Makaa hayo hayo ukiyachoma chini ya boila ya mvuke unapata uniti moja na nusu ya umeme kwa kilo, ukibahatika. Masanduku yanaweza kutoa tatu. Na lazima yatoe tatu, kwa sababu makaa yanatoka Tanzania na lori linakula pesa kuliko makaa yenyewe. Chini ya tatu hesabu haisimami. Hajji amesema wazi: kabla ya Idd tupate uniti tatu kwa kilo, la sivyo mtambo unarudi kwa wenyewe, na sisi wote wa banda la nyuma tunarudi makwetu.

Niliacha kazi Kampala kwa ajili ya banda hili. Sirudi Kampala. Wallahi sirudi.

7 Aprili

Tatu nukta tatu! Nimepima mara mbili, Nasuru akapima mara ya tatu. Nasuru ni fundi wa masanduku, kijana wa Bugembe, mtu wa maneno machache; leo hata yeye amecheka.

8 Aprili

Mvua. Tatu nukta tatu.

11 Aprili

Mvua. Tatu nukta mbili. Hajji amekuja bandani na kanzu yake nyeupe, kati ya vumbi lote lile, amenishika mkono na kusema, "Nusifa mwanangu, umenipa usingizi." Anataka kuwaalika wenye mtambo waje waone, na baadaye anunue masanduku mengine kumi na mawili. Nimerudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Nabirye ameniuliza, "Mto uko pale, bwawa liko pale, nyaya za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu, nyinyi mnachoma mawe ya nini?" Nimemwuliza juzi umeme ulipokatika alipikia nini. Akasema, "Mkaa wa Daphine," yaani wa yule muuza mkaa wa mtaani. Basi, nikamwambia, hata wewe una mtambo wako.

14 Aprili

Mzee Geresom ameomba ruhusa. Kaka yake amefariki kwao, milimani juu ya Mbale, na maziko ni kesho. Nimempa siku zake.

Huyu mzee ndiye mlishaji wa tanuri. Alikuwa sajini jeshini, amestaafu, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Mimi ananiita afande. Nilimwambia siku ya kwanza, "Mzee, mimi si afande." Akanijibu, "Mwenye kutoa amri ni afande. Suruali ama gauni ya gomesi, hiyo si maneno." Namwona mtu mwema lakini wa zamani, wa kuamrishwa tu. Kibarua mwingine atalisha tanuri hadi arudi. Kazi ya kutia makaa si elimu ya nyota.

15 Aprili

Mbili nukta sita.

16 Aprili

Mbili nukta sita. Mvua haikatiki. Nimeangalia mabomba yote.

17 Aprili

Mbili nukta tano, na mimi nimeharibu siku kwa mdomo wangu.

Nilimwambia Nasuru mbele ya vibarua wote kwamba ameua masanduku. Makaa ya mawe yana salfa, na salfa ikifika kwenye masanduku yanakufa taratibu, hayafufuki. Ndiyo maana gesi tunaipitisha kwanza kwenye kichujio kilichojaa vyuma vyenye kutu, kutu inainasa ile salfa na kugeuka nyeusi. Kubadilisha kutu ni kazi ya Nasuru. Nikamwambia kazi hiyo ameilalia. Alichukua spana, akafungua kichujio, akaniita.

"Tazama, madamu."

Kutu ilikuwa nyekundu zaidi ya nusu. Kwa gesi tuliyopitisha ilipaswa kuwa nyeusi karibu yote. Kichujio hakijashiba. Salfa haijapita hata chembe.

"Kinakula kidogo kuliko tunavyokilisha," akasema Nasuru. "Mimi sielewi. Lakini sikulala."

Nilipaswa kumwomba radhi pale pale. Nilisema, "Haya, funga," nikaondoka.

20 Aprili

Mzee Geresom amerudi, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

21 Aprili

Tatu nukta tatu. Mvua ile ile, makaa yale yale, masanduku yale yale. Ajabu gani hii? Nimefurahi nusu, nusu nyingine inaniwasha.

22 Aprili

Nimelijua jambo lenyewe, na afadhali nisingelijua.

Asubuhi nilifika mapema. Kwenye pipa la majivu nikaona majivu meupe, mepesi, yanayopeperuka ukiyapumulia. Makaa ya mawe hayaachi majivu ya hivyo. Majivu yake ni mazito, ya kijivu, yenye vigae. Haya meupe nayajua tangu utotoni. Ni majivu ya sigiri, lile jiko la mkaa la mama yangu.

Nikazunguka nyuma ya tanuri. Mzee Geresom alikuwa na gunia miguuni na debe mkononi, anamimina chenga za mkaa wa miti juu ya makaa yetu, polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Mzee! Unafanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Jambo afande. Moto iko na baridi. Mimi napatia yeye chai."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Mvua ikinyesha, mchana pia. Makaa yenu iko na maji mingi, afande. Inalia tu, haiwaki."

"Na hukuniambia!"

"Hukuuliza. Hii si ya kampuni. Hii ya Daphine."

Daphine ni mkewe, ndiye anayewauzia mkaa nusu ya Walukuba, Nabirye akiwemo. Chini ya kila gunia hubaki chenga ambazo hakuna anayezinunua. Kila nyumba hapa inajua kazi yake: sigiri ikizubaa, unaitupia chenga kiganja kimoja, inachangamka. Mzee amefanya tanurini alichofanya jikoni maisha yake yote. Amebeba magunia begani kutoka nyumbani kwake, kwenye matope, ili moto wangu usinyong'onyee. Na mizani yetu iko mlango wa mbele, inapima makaa ya mawe peke yake. Chenga zimeingia kwa mlango wa nyuma, hazikupimwa hata kilo. Na chenga hazina salfa. Ndiyo maana kichujio kilikuwa na njaa. Nasuru alikuwa mkweli tangu mwanzo.

Nilipiga kelele. Nilimwambia ameniua, ameniaibisha, ametuchimbia kaburi. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mzee aliyetoka kuzika. Yeye alisimama wima, mikono ubavuni, kama yuko gwaride, akasubiri nimalize.

"Mimi niliona wewe na furaha," akasema. "Uniti yako ilipanda, ulikuwa unaimba. Mimi nikasema, Geresom, leta ingine."

Nikakaa juu ya ndoo nikalia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Akasimama kando yangu, amenipa mgongo ili vibarua wasinione.

Jioni nilimwambia Nasuru yote, na nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimtukana. Akasema yamekwisha. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Chenga ni za bure, madamu. Tuziache ziendelee hadi Idd ipite. Nani anapima majivu?"

Nina usiku mmoja wa kufikiri.

23 Aprili

Nimekwenda kwa Hajji baada ya alasiri. Nilijiambia: Daphine ana chenga za masanduku manne. Hajji akinunua mengine kumi na mawili kwa hesabu hii, chenga zitatoka wapi? Ataanza kununua mkaa wa magunia, miti ikatwe kanda nzima ya Busoga, au atafilisika kwa mkono wangu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu ingeishia mlangoni kwake.

Alikuwa barazani, tasbihi mkononi. Nikamweleza. Tasbihi ikasimama.

"Kwa hiyo tatu nukta tatu ni uongo."

"Haikuwa uongo nilipokuambia, Hajji. Lakini nikinyamaza leo, kesho ni uongo. Ukweli ni mbili nukta sita."

"Nimeshawaalika wenye mtambo! Tarehe ishirini na tatu Mei wanakuja na mizani yao. Nimewaambia tatu nukta tatu, Nusifa! Kwa mdomo wangu huu!" Kisha akasema, "Huyo mzee aondoke leo."

"Mzee akiondoka naondoka na mimi."

Limenitoka kabla sijalipima. Lakini nilishasema, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Basi bakini wote," akasema Hajji. "Wageni watakuja siku ile ile. Watapima kutwa nzima, na chenga hata moja isiingie. Ikiwa tatu, ni tatu. Ikipungua, masanduku yanapakiwa kwenye lori lao hilo hilo wanalokuja nalo. Na mimi sitaki kusikia habari za mvua."

24 Aprili

Mbili nukta sita, bila chenga. Nimelala saa mbili tu usiku kucha.

26 Aprili, Mbale

Mama ameniona nimekonda, ameniwekea wali kama ninalisha kijiji. Sikumficha kitu. Kasema tu, "Mficha uchi hazai. Umesema, sasa zaa."

Mchana tulikuwa uani kwa baba mdogo Mafabi, hapa hapa Nkoma. Ana kahawa kidogo ya msimu mdogo, ameianika kwenye vichanja vya waya, juu ya ardhi, upepo upite chini. Tulikuwa tunakula. Tone la kwanza likagonga bati. Sijawahi kuona sahani zikiachwa kwa kasi ile! Baba mdogo, mkewe, mama yangu na magoti yake, mgeni mmoja aliyekuja kuposa na suti yake, wote wako uani, wanavuta maturubali, wanasukuma vichanja chini ya paa. Kwetu ndivyo ilivyo. Hata bibi harusi akisikia mvua anakimbilia kahawa. Kahawa ikilowa imekwisha.

Nilikuwa nimeshika ncha ya turubali, maji yananitiririka shingoni, nikakumbuka rundo letu la makaa ya mawe pale Jinja. Liko uwanjani wazi. Mvua yote ya mwezi huu imelinyeshea, na hakuna mtu, hata mimi injinia, aliyenyanyuka kwenye kiti kwa ajili yake. Tumeyanunua makaa makavu, tukayalowesha bure, kisha tukayapima yamelowa. Tunapima maji ya mvua tukiyaita makaa! Na moto unatumia sehemu ya nguvu zake kuchemsha maji hayo kabla hata haujatoa gesi. Mzee Geresom aliniambia: yanalia tu, hayawaki. Nikaona anaongea kizee.

Na masanduku yangu yanatupa hewa ya moto nje, mchana na usiku, kupitia bomba linaloelekea ukutani. Tulikuwa tunawaotesha mijusi moto, badala ya kukausha makaa.

Mama amenikuta nacheka peke yangu kwenye mvua. Amesema nimekonda hadi akili.

28 Aprili

Nimepiga hesabu mbele ya Hajji. Akasema, "Vichanja vya kahawa? Kwa makaa?" Akatoa mabati mabovu na waya, basi. Kipya hatoi.

30 Aprili

Tunajenga. Mvua.

3 Mei

Paa limesimama. Vichanja sita. Nasuru amelipindisha bomba la hewa ya moto lipite chini ya vichanja. Mzee Geresom anageuza makaa kwa reki kila baada ya muda, kama kahawa. Sikumfundisha. Yeye pia ni mtu wa milimani.

5 Mei

Mbili nukta nane!

6 Mei

Mbili nukta nane.

9 Mei

Tumeponea chupuchupu. Nilikuwa na pupa, nikamwambia Nasuru aongeze moto wa hewa. Mchana kichanja cha tatu kikaanza kutoa moshi. Makaa ya mawe si kahawa. Ukiyapasha kupita kiasi yanajiwasha yenyewe. Tukayazima kwa mchanga. Nasuru hakuninyooshea kidole, ingawa safari hii kosa lilikuwa langu mchana kweupe. Mzee kasema, "Afande, haraka haraka haina baraka," na vibarua wote wakaangua kicheko. Nimecheka pia. Nilistahili.

Hewa sasa ni ya vuguvugu tu, na kugeuza mara kwa mara.

10 Mei

Kurekebisha. Mikono yangu ni myeusi hadi viwiko.

13 Mei

Mbili nukta tisa siku ya mvua. Jana, siku ya jua, tatu kamili. Kwa hiyo yote yako mikononi mwa mawingu. Sipendi.

14 Mei

Mbili nukta tisa.

16 Mei

Nimepita kwa Daphine kununua mkaa wangu. Mama mnene, mcheshi, ameketi katikati ya magunia yake. Akaniambia mumewe sasa anarudi nyumbani na hasira, anazunguka zile chenga anazikodolea macho. "Analala vibaya. Anasema moto wa afande unaomba chakula na yeye amekatazwa kuupa." Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

19 Mei

Mbili nukta tisa. Nasuru amegundua hewa inavuja kwenye kiungo kimoja cha bomba. Ameziba.

20 Mei

Tatu kamili, na ilinyesha asubuhi! Alhamdulillahi.

22 Mei

Kesho. Makaa ya kesho yako chini ya paa, makavu, ukiyagonganisha yanalia kama vigae. Nimemwambia kila mtu kazi yake. Mzee akaniuliza kama aje. Nikamwambia, "Bila wewe hatuanzi." Akapiga saluti, na safari hii sikumkatalia.

23 Mei

Wageni walikuwa watatu, na mizani yao, na lori lao likaegeshwa langoni likiwa tupu. Hajji alivaa kanzu mpya. Walipima kila debe lililoingia tanurini na kusoma mita ya umeme wenyewe. Sisi tuliruhusiwa kufanya kazi tu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Adhuhuri mbingu ikafunga. Ilinyesha mvua ambayo Walukuba itaisimulia. Maji yaliingia bandani kwa mlango wa mbele, yakatoka wa nyuma. Upepo ukarushia mvua kichanja cha kwanza. Nasuru na vibarua wakakimbilia na maturubali, na mimi nikakimbia nao, viatu mkononi, jinsi tunavyokimbilia kahawa. Hajji Magid mwenyewe alishika ncha moja. Kanzu mpya ile!

Niliporudi tanurini mshale wa kipimo cha gesi ulikuwa unashuka. Debe moja lililolowa lilikuwa limeshaingia. Masanduku yakaanza kudai gesi. Mita ikapunguza mwendo. Mgeni mmoja aliiona, akaandika.

Nikageuka kumtafuta mzee Geresom. Lilikuwepo gunia. Kumbe alikuja nalo, gunia la chenga, liko pale pale nyuma ya tanuri lilipozoea kukaa. Na mzee amelikalia. Mikono ameifunga chini ya makwapa, macho kwenye mlango wa tanuri, machozi yanamtoka.

Nikamnong'oneza, "Mzee, umelileta kwa nini?"

"Mazoea, afande. Mguu ilileta. Mimi nakalia, mtu asiguse. Hata mimi."

Mgeni mmoja alikuja na kalamu yake, akauliza kwa nini mzee huyu amekaa wakati wenzake wanakimbia. Mzee akamjibu bila kumtazama, "Bwana, mimi nafanya kazi ngumu kupita wote hapa."

Nikasimama kando yake. Hakuna tulichoweza kufanya isipokuwa kutia makaa makavu kwa kipimo, na kungoja. Mshale ukashuka. Ukasimama. Nilisoma kila dua niliyofundishwa nikiwa mtoto, na nyingine nikazitunga. Halafu ukacheza kidogo, ukaanza kupanda, taratibu, wenyewe, bila chai ya mtu. Mzee alishusha pumzi nikaisikia juu ya kelele za mvua.

Magharibi walimaliza. Wakapiga hesabu mara mbili, wakarudia tena, wakamwita Hajji. Tatu nukta moja. Hajji akaenda langoni, akamwambia dereva wa lori, "Baba, safiri salama, huna mzigo."

Chai ya wote tuliichemsha palepale bandani, kwenye sigiri, kwa chenga za gunia lile. Mzee alizimimina mwenyewe, mpaka ya mwisho.

24 Mei

Nimeamka jua limeshatoka. Nabirye alikuwa dirishani akichungulia, akaniuliza tumepata ngapi. Nikamwambia tatu nukta moja.

"Mbona mimi nilisikia tatu nukta tatu?"

"Ile," nikamwambia, "ilikuwa ya Daphine. Hii ni yetu."